Bi Mize Aipima Kibodi

Kwanza aliinyanyua kwa mikono miwili
kama anavyopima papai sokoni Wete.
"Ina uzito. Haya, hilo moja."
Akaigeuza chali, akaipuliza mbavuni,
likamwagika vumbi la nyumba ya watu
na unywele mmoja mfupi.

Nikamtajia bei: laki na nusu.
Nikamwambia muuzaji kaapa imetoka Unguja juzi kwa boti,
kwamba ni ya gemu hasa,
kila kitufe na springi yake,
na taa za rangi, ukitaka hata zambarau.

"Taa sikuuliza.
Miaka thelathini na moja nimepiga chapa mahakamani,
talaka, mipaka ya mashamba, mikarafuu ilokatwa usiku,
na hakuna hata herufi moja iliyoniomba taa."

Akavaa miwani.
Akaivua.
Akafumba macho, akapanga vidole.

Ta. Tata. Tatata-ta.

Mama alikuwa akisema: ukipita nje ya mahakama
unajua kwa mlio wa wifi yangu kama kesi ni nzito.
Mimi sikuwahi kuusikia.
Nilipozaliwa mashine ilishafunikwa kitambaa,
juu yake pakawekwa redio.

"Springi njema," akasema, macho bado kafumba.
"Inakubali, halafu inakurudishia kidole
kama mtu mwenye adabu. Yangu ile iking'ata."
Kisha akasita.
"C imekwama."

Akachomoa kibanio kichwani, akaing'oa C kama jino,
akachokoa chini yake,
na kiganjani pake kikalala
kikonyo cha karafuu, kikavu, cheusi.
Akakinusa. Akanitazama.
"Unguja, eti?"

Nikanyamaza.
Tukamwona sote wawili, bila ya kumjua,
kijana wa Mtambwe au wa Kojani huko karibu,
karafuu zimemwagwa sakafuni kwa kukimbizwa mvua,
naye katikati yake anacheza, haitiki akiitwa.

"Na hizi nne zilizofutika?"
W. A. S. D. Zinang'aa kama kizingiti cha msikiti.
Ndizo za kwendea, nikamweleza:
mbele, kushoto, nyuma, kulia.
"Na hii ya pembeni, mpya kama jana?"
Ya kutokea.
"Basi huyu hakutaka kutoka."

Akazirudia zile nne peke yake, zile tu,
na kwenye skrini, mstari chini ya mstari:

sawa
saa
dada
dawa
wasaa
daawa
daawa
daawa

"Hilo la mwisho ni mazoea," akasema, wala hakucheka.
Mimi nimecheza kwa herufi hizo tangu darasa la sita,
nimevuka milima, nimeua majitu,
sikuwahi kujua kwamba zinasema.

Umeme ukakatika.
Zambarau ikafa, skrini ikafa,
feni ikamalizia mzunguko wake kwa uvivu.
Yeye hakuacha.
Tatata-ta, tata, gizani,
kasi kuliko mwanzo, mgongo umenyooka,
kama kuna mtu mbele yake anayesoma
na jaji anayesubiri nakala.

"Shangazi, hakiingii kitu. Unaandika nini?"

"Nangoja kengele."

Ukapita muda. Jirani akawasha jenereta.
Ndipo mikono yake ikashuka mapajani.
"Haina kengele, hii.
Sasa mtu atajuaje kama ukingo wa karatasi umefika?"

Akaipapasa mara moja, kuanzia Q mpaka mwisho wa safu,
ile Q ambayo katika kazi yake yote
aliigusa kwa majina ya watu tu.
Akarudisha C mahali pake, ikaitika.

"Mwambie elfu tisini, asizidishe hata mia.
Na kikonyo chake mrudishie."